Gitaa Lisilo na Kichwa

Siku nilipolitoa mfukoni mwake
Oiva alishusha kodiani magotini, akauliza:
"Nani kalichinja?"
Gari zima likacheka, kutoka Iisalmi hadi kivukoni.
Nami nikacheka, maana ni kweli:
shingo inafika inapofika, halafu basi,
kama sentensi ya mtu aliyeitwa mlangoni.

Bega langu la kushoto halikucheka.
Limebeba miaka thelathini na moja
gitaa kubwa la rangi ya asali
ambalo kichwa chake kilipenda sakafu kuliko kunipenda mimi.
Ukilegeza mkono kidogo, kinainama,
nami nakishikilia, tango baada ya tango,
vidole vikifanya kazi mbili kwa ujira wa moja.
Hili dogo linatulia. Ukiliachia, linakungoja.
Uzito wake ni mikate miwili myeusi.

Na garini! Besi imelala katikati kama mgonjwa,
ngoma za Taavetti zimepanda hadi dirishani,
na zamani nilisafiri na kichwa cha gitaa sikioni.
Sasa nalibana kati ya magoti, nasinzia.
Vifunguo viko chini, nyuma ya daraja;
nakaza kwa ncha za vidole, robo ya robo,
na sauti ikishakaa, imekaa,
hata tutoke kwenye gari lenye joto la sauna
tuingie ukumbi wa ziwani uliolowa umande.

Msidhani nimekuja kusifu tu.
Uzi ulinikatikia Pielavesi, Jumamosi, saa moja jioni.
Nyuzi zake zina kidonge cha chuma ncha zote mbili,
na duka pekee lililokuwa wazi
liliuza ndoano, betri na buti za mpira.
Nikapiga usiku kucha kwa nyuzi tano.
Nikiketi, linateleza pajani kama sabuni.
Nyumbani msumari wa ukutani umebaki mjane:
halina pa kutundikwa,
na Tellervo, mke wangu, kautundikia mwavuli.
Na gizani mkono bado hupanda kutafuta vifunguo,
ukashika hewa,
mithili ya mguu unaotafuta ngazi ambayo haipo.

Kisha lile ambalo muuzaji hakunitajia.
Sisi humaliza kwa kichwa. Kichwa cha gitaa:
nikikiinua, wote wanajua huu ndio mwisho.
Usiku wa katikati ya kiangazi, saa tano,
jua halijaamua kama linatua,
niliinua shingo.
Hakuna aliyeona kitu.
Oiva, macho kafumba, akarudi mwanzo wa wimbo,
Taavetti akamfuata,
nami ningefanyaje? Nikawafuata.

Sakafuni watu walikwisha anza kuachana mikono.
Bwana mmoja wa viatu vya kahawia
na bibi aliyevua miwani
akaishika nyuma ya mgongo wa bwana
walitazamana,
wakakumbatiana tena
kama waliosamehewa deni.

Njiani Oiva alinung'unika: "Kanunue kichwa."
Sikumjibu. Mchagua jembe si mkulima, najua,
na mimi nimechagua.
Bega linashukuru, msumari unalaumu.
Ila ule mzunguko wa ziada,
mpaka leo sijui
niuandike upande upi wa hesabu.