Fundi Turubai Darasani

Jumatano jioni naifunga cherehani,
nafuta mafuta vidoleni kwa kipande cha khaki,
navuka reli kutoka Gerezani hadi Keko,
kwenye ukumbi wa usharika, viti vya plastiki,
feni moja inayozunguka kama inayofikiri.

Tulianza kumi na wawili. Mmoja ameacha,
na utani juu ya hilo tuliumaliza siku ileile.

Mwalimu Nsajigwa haombi sala ndefu.
Anaandika ubaoni: NANI? KWA NANI? LINI?
kama askari wa zamu anayejaza kitabu cha matukio.
"Kabla hujauliza Mungu anasema nini,
uliza karatasi ilipita mikononi mwa nani."

Mimi nilidhani kilishuka kizima,
jalada jeusi, kingo nyekundu,
kama nilivyokabidhiwa siku ya kipaimara.
Kumbe ni furushi.
Kumbe barua zilitangulia, masimulizi yakafuata,
na kilichopangwa mbele kilizaliwa nyuma,
kitinda mimba aliyewahi kuvishwa viatu.

Wiki ya tatu akataja kazi ya mwenye barua:
fundi mahema.
Perpetua, nesi wa Temeke, akanigeukia.
Nikaitazama mikono yangu.
Najua sindano nene inavyouma chini ya ukucha,
najua nta kwenye uzi, harufu yake joto likipanda,
na mwenye lori anayetaka kazi ya kesho iishe jana.
Miaka yote ya ibada hakuna aliyeniambia
kwamba yule naye alikuwa na sugu.

Na lugha, mwalimu akasema, haikuwa ya wanafalsafa.
Kilikuwa Kigiriki cha gatini, cha kudaia chenji,
cha mabaharia, watumwa na watoza kodi.
Nikacheka peke yangu.
Mtaani kwetu Mpare, Mmakonde na Mhindi wa rangi za magari
hupatana bei kwa lugha
ambayo bibi zao hawakuwabembelezea.

Kisha likaja suala la mkono.
Kwamba mmoja alisema, mwingine akaandika.
Kwamba barua nyingine huenda ni za mwanafunzi
aliyelivaa jina la mwalimu wake kama koti la marehemu.
Mzee Ligombeka, karani mstaafu wa bandari, akasimama:
"Huko ni kughushi! Nimefukuza vijana kwa sahihi tu!"
Umeme ukakatika.
Tukabaki gizani na hilo neno.

Gizani nikamwona mama,
Newala, mihogo jikoni, mimi nina miaka tisa,
barua kwa baba aliyekwenda manamba, Ngomeni.
"Mwandikie: mwizi wewe, umetuacha tule majani."
Nikaandika: Mpendwa baba, sisi hatujambo,
ila chakula kimepungua kidogo.
Mama hakujua kusoma. Akaweka dole gumba.
Baba alirudi kabla ya mvua, barua mfukoni imechakaa kwa kukunjwa.
"Mama yako," aliniambia, "ana maneno ya upole."

Ilikuwa ya nani, ile?
Sikuuliza darasani.

Mshumaa ukaletwa. Tukaendelea na wanakili:
jicho limechoka, maneno mawili yamefanana,
linaruka, na mstari mzima unapotea kwa miaka mia.
Nami juzi nimeharibu turubai la futi ishirini
kwa saba iliyojifanya moja kwenye daftari.

Usiku nimekifungua tena. Hakijapungua.
Ila sasa kina jasho.
Kati ya mistari mtu anakohoa,
anasema subiri, futa hilo, andika hivi,
na kijana mwenye kalamu anainamisha kichwa,
anaamua lipi alisikie.

Kesho wa Tunduma anachukua turubai lake.
Ndani ya pindo, mvua isipofika,
huwa natia mshono mmoja mwekundu.
Hajawahi kuuliza mtu.