Bwawa la Mlingotini

Bwawa tulilichimbia mwatiko.
Perege alipenya na maji ya bamvua, bila hodi.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wanasema;
siku ya tatu sisi tulionyeshwa wajukuu.

Leo tumefungua lango. Maji yanarudi mikokoni,
tope linabaki likirukaruka.
Bwana Uvuvi, viatu mkono mmoja, anaandika:
mia nne na sita. Mia nne na saba.
"Asibaki hata mmoja."

Nashika jike, nambana taya.
Kinywani wamejaa watoto, macho tu,
kama ufuta uliomwagika.
Hakumeza. Hakutema.

Bwana Uvuvi ananyanyua kalamu.
Sikudhani ananisogezea ndoo.
"Hao," anamwambia, "usiwahesabu."