Kikombe cha Nne

Kila Jumanne duka la mitumba la kanisa, hapa Longton,
hushusha bei ya vyombo.
Huenda mapema, na glavu zangu zilizotoboka vidoleni,
kwa maana kauri hujulikana kwa mguso.
Igonge kwa ukucha: ikilia, nunua.
Ikinyamaza, ina ufa ambao haijakwambia.

Nilipata sahani mbili za bluu,
moja imefifia kama iliyooshwa na mtu mwenye hasira;
vijiko vitano vya fedha ya kupaka, vyeusi shingoni;
kifuniko cha bakuli la supu, bakuli lenyewe halipo
(kilinikaa mkononi, nikashindwa kukirudisha).
Na nyuma kabisa, kimegeuzwa uso ukutani,
kikombe.

Mawaridi matatu. Jani moja limezidi.

Jani lile alilizidisha mama
siku aliyokuwa na homa, kwenye benchi la wachoraji.
Mkaguzi akavikataa vyote sita,
mama akavifunga kwenye aproni, akaja navyo nyumbani.
Alipokufa tukavigawana, mimi na Enid, vitatu kwa vitatu.
Vikombe sita hugawanyika.
Birika haligawanyiki.
Miaka kumi na mmoja hatujasemezana.

Nilisimama pale dukani nikikipima uzito.
Amekitoa kwa chuki?
Au ni bili ya gesi?
Kijana wa kaunta, Kieran, akakipindua atazame bei.
"Pauni moja na nusu, bibi. Hakina wenzake."
"Kinao," nikasema, nikatoa sarafu.

Sasa, meza.
Usitafute vyombo vinavyofanana;
hivyo huviweka wenye duka dirishani.
Tafuta rangi moja ipite chombo hadi chombo kama umbea:
sahani ya bluu imwambie leso,
leso iupenyezee ukingo wa bakuli la sukari,
mpaka meza nzima ijue.
Kitambaa changu ni shuka la kitanda,
nimelipiga pasi mara tatu; doa halikutoka.
Juu ya doa nikakiweka kile kifuniko, kichwa chini,
nikatia maji, na maua mawili ya manjano
niliyoyachuma kando ya pipa la taka.
Vijiko nikavisugua kwa magadi hadi nikauona uso wangu,
umepinduka, mpana, unafanana na wa mama.
Birika katikati.
Mdomo wake nikauelekeza upande wa mgeni.

Simu ikaita mara tisa.
"Njoo tunywe chai."
Kimya. Redio yake ikisoma hali ya hewa.
"Jumapili?"
"Jumapili."

Akaja. Hakuvua koti.
Akaizunguka meza kama yule mkaguzi,
akanyoosha kijiko ambacho hakikupinda.
Na mji huu ni mji wa wafinyanzi:
hakuna anayekula kabla hajapindua sahani
asome chini imeandikwaje.
Kwetu huo si ufidhuli, ni salamu.
Enid akasoma sahani. Akasoma kisahani.
Akashika kikombe, akakipindua,
kisha akakirudisha wima, polepole,
kidole gumba juu ya jani lile.

Mimi nikatazama sukari.

"Bei gani?"
"Pauni moja na nusu."
"Wamekupunja," akasema,
akavua koti, akalitundika pale pale
alipolitundika siku zote.

Vile viwili vingine sikuuliza viko wapi.
Nilimimina, mkono ukanitetemeka, chai ikafurika ukingoni.
Maji yakimwagika hayazoleki, ni kweli,
lakini hii ilikuwa chai,
na chini yake kulikuwa na kisahani.
Enid akakiinua kwa mikono miwili,
akanywa ile iliyomwagika kwanza.