Utepe

Kimashine kinaguna, kinatema utepe:
CHAI – MALIPO. KODI. MBOLEA.
Nimebandika mpaka kopo la kalamu,
mpaka soketi ile inayopiga shoti: USIGUSE.

Ofisi hii ilikuwa stoo ya viazi.
Bado inanuka udongo, na mvua ya Tukuyu
haibishi hodi, inaingia hadi kwenye karatasi;
daftari la wakulima limevimba kama andazi.

Lugano yuko mlangoni na vikombe viwili.
"Na mimi utanibandika nini, shemeji?"
Nacheka. Sijibu.
Nimepakata boksi la kaka yake:
miwani yenye mguu mmoja,
funguo za pikipiki tuliyokwisha kuiuza,
risiti ya saruji, mifuko kumi na miwili,
ya nyumba iliyoishia kwenye msingi.

Naandika MENGINEYO. Nafuta.
Naandika AMBAKISYE.
Utepe unaisha kwenye AMBA.

Amba-ye? Amba-cho?
Neno limesimama bila mkia,
kama mtu aliyeanza sentensi
akaitwa nje.

Nalibandika hivyo hivyo,
nalikandamiza kwa kidole gumba
mpaka chai ya Lugano inapoa.