Tundu la Uani

Dalali Swedi alianza na ile ya Malolo:
bati la msauzi, madirisha ya alumini,
vigae vinateleza kama sabuni.
"Haijalaliwa hata usiku mmoja," akasema,
na kweli, mwangwi wenyewe ulitushangaa.
Nje, udongo mwekundu, hakuna kivuli,
nguzo za umeme zimesimama zikingoja nyaya,
na shule, kwa kidole chake, "hapo tu."
Hapo tu ya dalali: nusu saa kwa bodaboda.

Luhende aliipenda. Nilimwona akipima kwa macho
mahali pa televisheni.
Nikauliza, jirani ni nani?
Swedi akacheka. "Watakuja, mama. Viwanja vyote vimeuzwa."

Ya Cheyo tuliiendea jioni, shingo upande.
Nyumba ya siku nyingi, ukuta wa baraza umechubuka
pale migongo ilipoegemea miaka thelathini.
Mlango wa mninga unaguna ukifunguliwa.
Bi Songoro anahamia kwa mwanawe, Dodoma;
masanduku yamefungwa kamba, chai bado iko jikoni.
Alituonyesha nyufa zote bila kuulizwa:
hapa panavuja Januari,
hapa mchwa walikula, nikawashinda kwa oili chafu.
Kwenye fremu ya mlango wa nyuma, mistari ya penseli:
Sado, la pili. Sado, la nne. Mwajuma.
Kisha majina sita, saba,
ambayo, alisema, si ya wanawe.

Ua wa minyaa una tundu, kimo cha mtoto,
chini pamekanyagwa pakawa sakafu.
"Hilo nitaliziba kabla hamjalipa," akasema kwa aibu.
Hajamaliza, kichwa kikapenya,
mapengo mawili mbele:
"Bibi, mama anataka mwiko wake."
Akamwona Kalunde wangu,
akamkagua toka nywele hadi ndala.
"Unajua kuruka kamba?"

Kalunde, ambaye kule Malolo
alining'inia kwenye kanga yangu kama mzigo,
hakunitazama hata mimi.
Aliinama, akapita.

Luhende alikuwa bado anahesabu bati za kubadilisha,
vidole vya mkono mmoja vimekwisha, anaingia wa pili.
Upande wa pili wa minyaa kamba ilianza kupiga chini,
tap, tap, na sauti ya mwanangu
ikikosea hesabu, ikirudia moja.

Nikamgeukia Swedi: andika.
Bei ishuke kwa ajili ya paa.
Ila lile tundu lisizibwe.
Lihesabu kama chumba.