Kishale

Saa nne na robo usiku, tarehe thelathini Juni,
ghorofa ya nne, Umoja, nyuma ya soko la Mutindwa,
nimefika penye kitufe cha mwisho, Wasilisha,
na kishale kinaondoka.

Hakikimbii. Kingekimbia ningesema ni kichaa.
Kinajikokota, kama mgeni aliyekwisha kuaga
na bado anatafuta kiatu,
juu, kulia, penye alama ya kufunga.

Nakirudisha. Kinakwenda.
Nakirudisha kwa kidole, kwa kiganja, kwa tusi.
Kinakwenda.

Napangusa kipadi kwa ncha ya leso.
Nachomoa chaja, ile ya shilingi mia nne.
Nazima. Nawasha. Vidoti vinazunguka
muda wa kuchemsha chai na kuimwaga kidogo.
Kinakwenda.

Nampigia Simiyu, fundi wa Luthuli,
aliyeniuzia laptopu hii ikiwa na jina la mtu
limekwanguliwa kwa wembe kando ya betri.
Anapokea akitafuna.
"Kile kifundo chekundu kati ya G na H, unakitumia?"
Nilidhani ni urembo.

"Basi ndicho kinachosukuma. Kimechoka.
Kuna mtu alikilalia kidole miaka,
sasa kinadhani bado kinaguswa.
Toa mkono. Mkono wote, mama.
Ukikikimbiza kishale, kifundo hakipumziki.
Kikiachwa kinajipima chenyewe."
Kwa muda gani?
"Hesabu hadi kumi. Kesho uje nikivalishe kofia mpya, mia mbili."

Naweka mikono mapajani
kama mtoto anayesubiri kukaguliwa kucha.
Moja. Mbili.
Kishale kinakwea, kinapita jina langu,
kinapita mapato, sifuri,
mapato mengineyo, sifuri,
tano, sita,
huko chini mwenye duka anashusha mlango wa bati,
nane,

kimesimama.

Kimesimama mahali patupu, pasipo neno wala kisanduku.
Namfikiria yule wa kwanza, wa jina lililokwanguliwa:
alikuwa akisukuma nini, kila siku, upande uleule,
mpaka kifundo kikazoea?
Na alipoacha, aliacha kwa kutaka?

Saa nne na nusu.
Wasilisha iko pale pale, kijani, inaningoja.
Bado sijagusa kitu.