Maji ya Betri

Miksi ya kwanza niliyomtumia Chilewa kule Hombolo
ilijibiwa kwa swali moja:
"Umerekodi muziki, au umekaanga bisi?"

Nilicheka. Kisha nikanuna.
Kisha nikalivuta uvunguni lile kasha la sabuni,
santuri za baba mdogo, arobaini na moja,
hapa Nkuhungu, ambapo upepo wa Agosti haubishi hodi
na vumbi jekundu hupita chini ya mlango
likajilaza katika kila mfuo.

Nikaziosha. Nikazidi kuziharibu.
Maji ya bomba letu yana chumvi, muulize birika yeyote wa Dodoma;
yalipokauka yaliacha chokaa,
na sindano ikapita juu yake
kama baiskeli juu ya kokoto.

Fundi Mbeleje wa Majengo, mtengeneza redio
asiyeweza kutoa ushauri bila kukunja uso:
"Maji ya betri. Yale ya kuongezea,
si tindikali, usije ukaniletea kesi.
Na hiyo sarafu, itoe."

Sarafu! Shilingi ya zamani
ambayo baba mdogo aliigundisha kichwani mwa sindano
isiruke watu wakicheza.
Miaka yote hiyo sindano ilikuwa inalima
badala ya kusoma.
Nikaibandua. Nikaazima mizani ya sonara, Barabara ya Saba:
gramu mbili kasoro kidogo.
Mji huu, husemwa, ulipata jina pale tembo alipozama topeni.
Basi na sindano izame, nikasema,
ila tembo abaki nje.

Bisi zikapungua. Ukabaki mngurumo,
mmmm, nyuki ndani ya kibuyu.
Nikafunga waya wa ardhi kwenye nondo ya dirisha. Mmmm.
Nikajaribu kichujio cha kompyuta: mngurumo ukaondoka,
na besi likaondoka nao, wameshikana mikono,
mwimbaji akabaki anaimba ndani ya blanketi.
Nikarudisha kila kitu.

Kumbe friji. La jirani. Ukuta mmoja, umeme mmoja.

Mama Nyemo huwauzia watoto wa shule barafu za ubuyu.
"Dakika arobaini tu, mama. Usiku."
"Na zikiyeyuka?"
"Nitazinunua."
Akafungua mlango wa friji, akahesabu kwa kidole, bila haraka.
"Zipo sitini na mbili," akasema.
Akachomoa.

Saa nne usiku.
Nikashusha kiwango mpaka hata tarumbeta
isiguse ile taa nyekundu.
Nikateremsha sindano, pumzi nimeibana.
Kimya.
Sikuwahi kujua kimya kina sakafu.
Halafu, kabla ya gitaa la kwanza:
krii.

Naijua krii hiyo. Miezi minne naifuta
kwa pamba, kwa mswaki, kwa spiriti, kwa hasira.
Leo haina cha kujifichia, na nimeisikia ilivyo:
kiti.
Kiti cha mbao, studio, na mtu,
mnene labda, au mwenye wasiwasi,
anajiweka sawa kabla hajaanza kupiga.
Baada ya krii, anavuta pumzi puani.

Nilikuwa namsugua mtu kwa sabuni.

Nikaiacha. Kwa heshima au kwa uvivu,
saa tano kasoro usiku sikuweza kutofautisha.

Chilewa amejibu leo asubuhi:
"Sasa besi nalisikia. Safi.
Ila nani huyo anakaa kitini mwanzoni?"
Wala sikuwa nimemwambia.

Barafu kumi na tisa ziliyeyuka.
Mama Nyemo alizileta mwenyewe, kwenye beseni,
akasimama mlangoni mpaka nimalize kuhesabu pesa,
akauliza kama kesho pia nina kazi.
Nakunywa ubuyu tangu jana.
Meno yote mekundu.